Tahadhari: safari za Wadi Bani Awf zinazouzwa kwa ujumbe wa simu

Ndugu zangu mnaoishi Oman na kupokea wageni kutoka Zanzibar, Mombasa na kwingineko, nawaomba mjihadhari na mtu anayejitangaza kwa Kiswahili kuwa ni mwongozaji wa safari za milimani. Huahidi gari la 4x4 kutoka Al Hamra hadi Rustaq kupitia Wadi Bani Awf (wadi ni bonde la mto ambalo mara nyingi huwa kavu), pamoja na matembezi ya miguu ndani ya Korongo la Nyoka. Bei yake ni riali 30 kwa kila mtu, na nusu yake huitaka mapema katika akaunti yake binafsi.

Sisi tulikuwa watano, akiwemo shangazi yangu aliyewasili kutoka Pemba wiki hiyo hiyo. Gari lililokuja kutuchukua alfajiri lilikuwa dogo la kawaida, lenye kibao cha njano cha gari la binafsi, na dereva akatuambia kwamba 4x4 inatusubiri mlimani. Tulipofika Sharfat al-Alamayn, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo njia huanza kuteremka kuelekea vijiji vya Hatt na Bilad Sayt kwa kona kali ukingoni mwa genge, alidai riali 40 zaidi kwa ajili ya gari la mwenzake.

Gari hilo lilikuwa 4x4 kweli, lakini tairi lake la akiba lilikuwa kipara kiasi cha nyuzi za chuma kuchomoza, na maji ya kunywa yalikuwa chupa mbili ndogo. Hapakuwa na kamba wala kofia ngumu hata moja. Shangazi alipouliza kuhusu viatu, aliambiwa kuwa makubadhi aliyovaa yanatosha, ilhali ndani ya korongo lile mtu hupanda majabali yanayoteleza na kuvuka madimbwi kwa kuogelea.

Kilichonitia hofu zaidi ni mawingu meusi yaliyokuwa yamejikusanya juu ya milima, ambayo yeye aliyapuuza. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka kwa ghafla katika korongo jembamba ambalo kuta zake hazina pa kukimbilia, hata kama juu ya kichwa chako jua linawaka. Sheria ya Oman humwadhibu dereva anayeingia kwa makusudi katika wadi iliyojaa maji, na mtu anayejiita mwongozaji hawezi kudai kwamba hajui.

Tulikataa kuteremka. Riali 75 za arubuni hakuzirudisha, na jioni ile alizuia namba zetu zote. Madereva waaminifu wa Al Hamra wapo, na mwongozaji halali hasiti kuonyesha leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii kabla ya kupokea pesa. Huyu nilimwomba mara mbili akabadilisha mazungumzo.

Sasa ametokea tena kwa jina jingine, ila tangazo lina picha ile ile ya gari jeupe lililosimama katikati ya maji, mlango wa nyuma ukiwa wazi.