Vivien Leigh: uanze na Scarlett au Blanche?

Wote wawili ni wahusika wa filamu, wanawake wa kusini mwa Marekani, na wote walimpa Oscar mwigizaji huyu Mwingereza, mzaliwa wa Darjeeling, India. Kwa uigizaji mtupu, Blanche anamshinda Scarlett.

"Gone with the Wind" (1939), filamu ya Scarlett, ni ya rangi, karibu saa 4. Ikikuchosha, ikatishe kwenye mapumziko yake. Leigh alikuwa na miaka 25 tu alipoiigiza.

"A Streetcar Named Desire" (1951), filamu ya Blanche, haina rangi, saa 2 hivi. Blanche alishamwigiza jukwaani London mwaka 1949, akiongozwa na mumewe, Laurence Olivier. Wenzake wakuu, akiwemo Marlon Brando, walitoka Broadway, kwenye majukwaa ya New York, na mtindo mwingine kabisa wa uigizaji, ndiyo maana mwanzoni alivutana na mwongozaji Elia Kazan.