Kifaa kwanza, mkanda baadaye: cha kununua ili usiikwaruze saa yako ya thamani

Saa niliyoachiwa na marehemu mjomba ni Omega Seamaster ya zamani. Aliinunua enzi zake za ubaharia, ikazunguka naye bandari nyingi, ikarudi Tanga bila alama ya maana. Mkanda wake wa ngozi ulipooza kwa jasho, mimi nikachukua kisu cha mezani nikaanza kuichokonoa pini. Kisu kikateleza. Mkwaruzo upo hadi leo kwenye sikio la chini (masikio ni zile pembe za saa zinazoshikilia mkanda), mrefu kama punje ya mchele, na jua likiupiga unang'aa. Uliniuma, na bado unaniuma. Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote mwenye saa anayoipenda na anayetaka kuibadilishia mkanda mwenyewe.

Wengi hutafuta mkanda kwanza, halafu ndipo hukumbuka kwamba kuna kuufungua. Wewe anza na kifaa. Mkanda mbaya utautupa baada ya miezi michache, lakini mkwaruzo unabaki na saa.

Kwanza ujue unapambana na nini. Kati ya masikio mawili ya saa kuna pini nyembamba yenye springi ndani. Karibu na kila ncha ya pini kuna ukingo mdogo. Ukiushika ukingo huo na kuuvuta kuelekea katikati, ncha hutoka kwenye tundu na mkanda unaachia. Nafasi ya kufanyia kazi hiyo ni ndogo sana, na chuma chochote kinene au kinachoteleza kitamalizia safari yake kwenye sikio. Njia za kuikwepa hatari hiyo nimezipanga tano, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Nafasi ya kwanza: uma wa pini wenye ncha nyembamba

Ni kijiti cha chuma chenye uma mdogo upande mmoja na sindano butu upande wa pili. Ninaoupenda ni Bergeon 6767-F, wa kampuni ya Uswisi iliyoko Le Locle tangu 1791. Herufi F ndiyo ya kuangalia, maana 6767-S una uma mpana zaidi, na kwenye saa iliyobana hauingii vizuri. Ncha zake hufunguliwa, kwa hiyo ikivunjika unanunua ncha peke yake. Nje ya nchi huuzwa kwa dola ishirini na kitu hivi, nawe uongeze gharama ya kuuagiza. Kwa mtu aliyevaa saa ya mamilioni, sioni sababu ya kuzionea uchungu fedha hizo.

Kabla ya kuulipia uma wowote, angalia mambo mawili: meno yake yawe membamba na yaliyolingana, na ukiyapitisha kwenye ukucha yasikwangue. Ile sindano ya upande wa pili ni ya saa zenye matundu yanayotokeza nje ya masikio, kama Rolex Submariner za miaka ya 1990. Ukiwa na saa ya namna hiyo una bahati: unaisukuma pini kutoka nje, na hatari inapungua sana.

Ya pili: koleo la pini, kwa wenye cheni tu

Cheni ya chuma ndiyo inayokwaruza kuliko mkanda wowote. Kile kipande chake cha mwisho kimekaa katikati ya masikio bila nafasi, na ukifungua upande mmoja kisha ukahamia wa pili, cheni inapinda na kusugua. Koleo, kama Bergeon 7825, hubana ncha zote mbili za pini kwa pamoja, cheni ikatoka moja kwa moja. Bei yake ni kubwa kuliko ya uma mara kadhaa. Kama saa yako ni ya mkanda wa ngozi tu, liache.

Ya tatu: mkanda wenye kijiti cha kuvuta

Hii ni mikanda ambayo pini yake ina kijiti kidogo nyuma, unakivuta kwa ukucha na mkanda unatoka bila kifaa. Mizuri kwa anayependa kubadilisha kila wiki. Ila mkanda wa zamani bado lazima uutoe kwa uma, na pini za mikanda hii ni nyembamba. Kwa saa nzito ya kupigia mbizi sizitegemei.

Ya nne: fundi saa

Ngamiani, hapa mjini Tanga, wapo mafundi wenye mikono mitulivu kuliko yangu. Mmoja wao, mzee ambaye huwa namwamkia hata kama sina kazi naye, ndiye aliyenionyesha jinsi anavyoisugua ncha ya uma kwa msasa laini mpaka makali yote yaishe. "Mwanangu, kifaa kipya ndicho kinachokwaruza," aliniambia, na nimejaribu nikaona ni kweli kwa vifaa vya bei ya chini. Nimemweka fundi nafasi ya nne kwa sababu moja: nao wanatofautiana. Mwombe kwa adabu akuonyeshe ncha ya uma wake, na umkabidhi saa ikiwa masikio yamekwisha kufungwa tepu. Fundi mwema hachukii. Anayetoa bisibisi ya miwani, mshukuru na uondoke.

Ya tano: boksi la vifaa vingi vya bei rahisi

Nyundo, bisibisi, koleo na uma, vyote kwa dola chache. Chuma chake ni laini, na meno ya uma hupinda ukiwa katikati ya kazi. Ukikosa kabisa, nunua, upige msasa, ujaribu kwanza kwenye saa isiyokuuma. Kisu, pini ya nywele na sindano ya kushonea sivipi nafasi yoyote.

Ongeza tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi, inayobanduka bila kuacha gundi. Funika masikio juu, pembeni, na hasa upande wa nyuma. Weka taulo ndani ya sinia, laza saa kifudifudi, zima feni. Pini ikiruka itaangukia kwenye sinia. Wakati wa kurudisha, ingiza ncha moja tunduni, bana ya pili kwa uma, uitelezeshe kutoka nyuma, kamwe si kutoka mbele. Ukisikia "tik", vuta mkanda kwa nguvu kiasi kabla hujaivaa.

Sasa mkanda wenyewe. Pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya masikio, usipime mkanda wa zamani uliokwisha kutanuka. Submariner za miaka mingi zilikuwa milimita 20, lakini iliyotoka 2020 ni 21, na nimeona mtu akiulazimisha wa 22 mpaka ukajikunja.

Kwa Tanga chaguo langu ni nailoni ndefu ya kipande kimoja, ile ambayo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliiandikia viwango mwaka 1973. Inapita juu ya pini zote mbili na chini ya saa. Pini moja ikifyatuka, saa inabaki mkononi. Na zaidi ya hapo, pini ukishazifunga mara moja huzigusi tena: unachomoa mkanda, unachomeka mwingine, masikio yako salama. Ukilowa, utakauka ukiwa kwenye baiskeli kabla hujafika nyumbani. Ukitoka kuogelea Raskazone uusuuze kwa maji baridi, kwa sababu mchanga ukinasa kati ya nailoni na mgongo wa saa unasugua kama msasa.

Mpira wa FKM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, unafuata. Hauogopi chumvi wala jasho, ingawa mchana wa kaskazi unanata. Ngozi naiweka mwisho, na ninasema hivyo nikiwa mpenzi wa ngozi. Anayetawadha mara tano kwa siku bila kuivua saa ataulowesha mkanda mara tano, na joto letu litamalizia kazi. Ya mjomba naivalisha ngozi siku za Idi na harusi tu.

Ukinunua mkanda, nunua na jozi ya pini mpya zenye ncha zinazoingia sawasawa kwenye matundu ya saa yako. Cheni ya awali usiiuze wala usiirushe kwenye droo na funguo: ifunge kwenye kitambaa pamoja na pini zake, ibandike karatasi yenye jina la saa.