Nimevaa kihisi cha sukari Arua: uzoefu wangu

Nina kisukari na natumia insulini, na kwa miezi sasa navaa kihisi cha sukari, kifaa kidogo kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kikipima sukari usiku na mchana na kuionyesha kwenye simu. Kimoja kinakaa siku 14. Kama unajiuliza pesa ya kukinunua inafaa, jibu langu ni ndiyo, kwa sababu ya usiku.

Ukichoma kidole unapata sukari ya dakika ile tu. Saa nne usiku nasoma 7.1 (kwa kipimo cha mmol/L), nalala nimetulia. Kihisi kikaonyesha kwamba saa tisa inashuka hadi 3.2, kisha inapanda yenyewe kabla ya alfajiri. Yale maumivu ya kichwa asubuhi na shuka kulowa jasho, nyumbani wote tulikuwa tukiita malaria. Daktari alipouona ule mchoro kwenye simu alipunguza insulini ya usiku, na siku hizi naamka salama. Simu yenyewe hulia sukari ikipita chini ya 3.9.

Lakini uelewe kinachopimwa. Uzi mwembamba unakaa chini ya ngozi, kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, wala haumo ndani ya mshipa. Kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali) kwenye uzi huo kinakutana na sukari na kuzalisha umeme kidogo sana, ndio unaogeuzwa namba. Wazo hilo wanasayansi Clark na Lyons walilitoa Marekani mwaka 1962. Sukari huchelewa kufika kwenye majimaji hayo, dakika 5 hadi 15 nyuma ya damu. Sukari ikishuka ukanywa juisi, simu itaendelea kusema uko chini wakati damu imeshapanda. Usiendelee kunywa, choma kidole. Hata ukiulalia mkono wenye kihisi, namba hushuka kwa uongo.

Udhaifu mkubwa ni gundi. Januari na Februari hapa kwetu jasho haliishi, na kihisi kiliwahi kubanduka kabla ya wakati. Sasa nasafisha ngozi kwa spiriti, naisubiri ikauke kabisa, nabandika, kisha naongeza plasta pembeni bila kuziba tundu la katikati. Jambo jingine ni usafirishaji: boksi langu limeandikwa lisipite nyuzi 30, basi naomba liletwe na basi la usiku kutoka Kampala. La mchana lingeliunguza.

Wanaovitengeneza, nawaomba gundi iliyojaribiwa kwenye jasho la nchi za joto na kihisi kinachohifadhi vipimo vya siku nzima simu ikizima, maana umeme wetu mnaujua. Na bei! Kimoja kinanunua maboksi kadhaa ya vijiti vya kupimia damu ya kidole, na wanaohitaji zaidi ndio wasioweza.

Kama unatumia vidonge tu na sukari imetulia, vaa kimoja, ule ugali wa muhogo, matoke na chapati kama kawaida, uone kipi kinakupandisha, kisha urudi kwenye vijiti.