Kifaa cha kuunganisha jenereta mbili: kitazame hivi kabla hujanunua

Karibuni tena. Leo mezani nina kisanduku cha kuunganishia jenereta mbili ndogo za inveta, yaani zile zenye kifaa cha kielektroniki kinachotengeneza wimbi la umeme, zifanye kazi kama moja. Tuelewane mapema: kisanduku hiki hakisawazishi umeme, yaani hakiyafanyi mawimbi ya jenereta hizo mbili yaende pamoja. Nimekifungua, tazameni ndani: nyaya nene, breka na soketi kubwa, basi. Wanaosawazisha ni inveta zenyewe. Ya pili ikiwaka, inasoma wimbi la ya kwanza na kulifuata, volti na awamu (mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake), ndipo inaanza kutoa umeme.

Kwa hiyo kama jenereta zako ni za kawaida, zile zinazozunguka mara 3,000 kwa dakika kupata hezi 50, kifaa hiki si chako. Bila paneli maalumu ya kusawazisha, mawimbi yanapishana, mkondo mkubwa unapita kati ya mashine hizo mbili na koili zinaungua. Nisikilizeni hapo, maana wauzaji wengi hawasemi.

Sasa kufunga. Injini zote zimezimwa. Naanza na waya wa ardhi, huu wa kijani na njano, kwenye skrubu ya kila jenereta. Kisha plagi. Sogea karibu uone: pini imevikwa plastiki mpaka nchani, kidole hakiifikii. Hili ndilo lililonifanya nikipende kifaa hiki. Kuna nyaya za bei rahisi ambazo pini yake iko wazi. Ikichomoka upande mmoja wakati jenereta ya pili inaunguruma, unabaki na chuma chenye volti 230 kinaning'inia. Ukikuta pini wazi, rudisha dukani.

Nawasha ya kwanza, halafu ya pili. Swichi ya kubana mafuta iwe upande uleule kwa zote mbili. Nasubiri taa za kijani ziwake kotekote, ndipo nachomeka mzigo, na nachomeka kwenye soketi ya kisanduku, kwa sababu soketi ndogo ya jenereta haikutengenezwa kubeba mkondo wa mashine mbili.

Kuhusu nguvu, msidanganyike na namba ya ubavuni. Jenereta iliyoandikwa wati 2,000 mara nyingi ni 1,600 kwa kazi ya mfululizo, hiyo 2,000 ni ya kitambo kidogo tu. Mbili zinakupa 3,200, kama ampea 14 kwa volti 230. Pampu au friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya inavyovuta ikishatulia, kwa hiyo acha nafasi.

Kasoro yake ni nyaya fupi. Zinakulazimisha kuweka jenereta karibu karibu, na moshi wa moja unaipasha moto nyenzake. Mimi nageuza mabomba ya moshi yatazame nje, pande tofauti. Na zote zikae nje, angalau mita 6 kutoka mlangoni na madirishani. Kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu usingizini.

Ukitaka kulisha nyumba nzima, mwite fundi umeme afunge swichi ya kubadilishia, ile inayotenga kabisa laini ya nje. Usichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani: umeme unarudi kwenye nguzo, na huko juu kuna mtu anatengeneza waya akiamini hauna moto.

Kwa mwenye inveta mbili za aina moja, nakipendekeza. Ila hakikisha mtengenezaji wa jenereta yako ameruhusu modeli hiyo kuunganishwa. Angalia kwenye kitabu chake kabla hujatoa hela.