Kidude cha ELM327 na Prius yangu ya 2007 iliyoanza kula mafuta hapa Tabora

Nimekitumia hiki kidude miezi minne sasa, ndo naona naweza kukiongelea kwa haki maana wiki ya kwanza kila kitu kipya ni kizuri. Ni kile kiboksi kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi juu ya goti la dereva, kinasoma namba za kompyuta ya gari na kuzituma kwenye simu kwa Bluetooth, wengi wanakiita skana ndogo. Changu kilinigharimu elfu 45 kikaja na basi kutoka Dar. Kimenisaidia sana na kuna sehemu hakikunisaidia kabisa, nitasema zote mbili.

Gari ni Toyota Prius ya 2007, toleo la NHW20, injini ile ya 1NZ-FXE ya cc 1500, ni hybrid yani ina injini ya petroli na mota ya umeme yenye betri yake kubwa. Karibu kila Jumamosi naenda nayo Nzega kumwona mama, kwenda na kurudi ni kama kilomita 230 na lami tupu. Mimi mafuta naandika kwenye daftari, najaza mpaka pampu ikate yenyewe, naenda, narudi, najaza tena palepale pampu ileile. Miaka miwili mfululizo safari hiyo inakula lita 11 na nusu, ikizidi sana 12, yani kilomita 20 kwa lita moja. Mwezi wa tano ikaanza kula 13, ikaja 15, Jumamosi moja nikajaza lita 17 nikarudia kusoma pampu mara mbili. Hiyo ni kilomita 13 na nusu kwa lita, gari yoyote ya kawaida ya cc 1500 inaweza hivyo, sasa hybrid ya nini. Na mjini ndo kulikuwa na hali mbaya zaidi, natoka nyumbani Isevya mpaka sokoni injini inanguruma tu, nasimama haizimi, wakati zamani ukisimama unasikia kimyaa.

Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, sitaitaja. Kijana hakuchomeka mashine yoyote, alifungua boneti akasikiliza akaniambia "Bosi betri ya hybrid imekufa hiyo, andaa milioni mbili na nusu tukuagizie Dar." Nikamuuliza umejuaje, akasema gari hizi zikishazeeka shida ni betri tu hakuna kingine. Usiku ule sikulala vizuri, nasema ukweli, maana hiyo kwangu ni ada ya watoto wawili na bado inabaki deni.

Sasa sikatai kwamba betri zinakufa, zinakufa kweli. Betri ya Prius hii ni vipande 28 vya volti 7.2 vimeungwa mstari mmoja, jumla inakuja volti 201.6, na kompyuta yake inaviangalia viwili viwili, kwahiyo inaona pea 14. Pea moja ikichoka inawasha ile pembetatu nyekundu na ukipima mara nyingi unakuta kodi, yani namba ya hitilafu, P0A80. Yangu haikuwa imewasha taa hata moja. Hicho ndo kilinifanya nisitoe hela, nikasema kwanza nipime mwenyewe.

Kidude cha kwanza nilinunua elfu 15 kwenye duka la vifaa vya simu na hicho msikinunue. Kinaunganika vizuri, kinasoma mzunguko wa injini na joto la injini, lakini ukikiuliza habari za betri kinakata mawasiliano na ukikizima na kukiwasha ni hivyohivyo. Kwa nje vinafanana kabisa na hiki cha sasa, rangi ile ile na maandishi yale yale, kwahiyo usiangalie boksi. Mwambie muuzaji akichomeke kwenye hybrid mbele yako ufungue upande wa betri, pea zote zikija ndo ulipe. Na kama unatumia iPhone uliza mapema, hivi vya Bluetooth ya kawaida vinakubali Android tu, ya iPhone inataka kile cha Wi-Fi au cha Bluetooth ile ya kisasa inayotumia umeme kidogo.

Hiki cha pili kilikubali mara ya kwanza. Kwenye simu niliweka programu mbili, Dr. Prius kwa ajili ya betri na Hybrid Assistant kwa ajili ya mengine, zote kwa Kiingereza lakini namba ni namba. Nikaanza na betri maana ndo ilikuwa imeninyima usingizi. Gari imesimama, pea zote 14 zipo kwenye 15.6 mpaka 15.8. Nikamwachia mdogo wangu usukani mimi nikashika simu, akakanyaga mafuta barabara ya kwenda Kiloleni, volti zikashuka zote kwa pamoja na akiachia zinapanda zote kwa pamoja. Pea mbovu ingeanguka peke yake, volti nzima au zaidi chini ya wenzake. Hakuna iliyoachana na wenzake. Niliegesha gari pembeni nikampigia mke wangu hapohapo nikamwambia betri ni nzima.

Ila joto la betri lilikuwa nyuzi 49 na feni yake inapuliza kwa nguvu zote, hiyo nayo sio sawa. Betri ikipata moto kompyuta inaibania isitoe wala isipokee umeme mwingi, na kazi yote inarudi kwa injini, na injini inakula petroli. Hewa ya kupoza betri inavutwa kwenye tundu lililopo pembeni ya siti ya nyuma, na hewa ya Tabora kuanzia mwezi wa sita mnaijua ilivyo. Tulipofungua feni, mapanga yake yalikuwa yamejaa vumbi jekundu limeshikana na nyuzi za zulia mpaka limekuwa kama blanketi. Kazi hiyo usifanye peke yako kama hujui, nyaya za rangi ya chungwa zile zina zaidi ya volti 200 zinaua, lazima ile plagi ya chungwa kule nyuma ichomolewe kwanza na usubiri dakika kumi ndo ushike kitu. Baada ya kusafisha joto likakaa 37, 38, na mafuta ya Nzega yakashuka kutoka 17 kuja 16.

Lita moja tu. Nikajua kuna kingine.

Na hicho kingine ndo sababu naandika haya yote. Prius hii haina mshale wa joto la injini kwenye dashibodi, ina taa tu ya kukuambia ikichemka, ikiwa baridi kupita kiasi hakuna kitu kinakuambia. Nikaenda Nzega nimeweka Hybrid Assistant wazi, kilomita ya 10 injini nyuzi 58, kilomita ya 30 ni 63, nikafika nusu ya safari ni 64, haivuki. Injini ya hii gari ikishapata moto inatakiwa ikae kwenye themanini na kitu. Kwenye gari ya kawaida ungepoteza mafuta kidogo tu, lakini kwenye hybrid hapo unapoteza hybrid yenyewe, maana kompyuta inataka injini ifike kama nyuzi 70 ndo ikubali kuizima ukisimama. Isipofika inaiwasha muda wote ikitegemea itapata moto, na injini ya baridi inamwagiwa petroli ya ziada juu yake. Ndo ile ya kunguruma Isevya mpaka sokoni.

Nikampelekea fundi mmoja mzee wa Ng'ambo, nikamwonyesha simu. Akaangalia akasema "Mwanangu, hiyo ama themostati imekwama wazi ama haipo." Themostati ni ile valvu inayozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate moto. Tukafungua nyumba yake, tupu. Hakuna themostati. Hapo nikakumbuka mwezi wa nne gari ilichemka, ikabadilishwa pampu ya maji kwenye gereji nyingine, wakaniambia wameifanya iwe nzuri isichemke tena. Walikuwa wameitoa themostati wakafunga bila kuniambia.

Jamani mafundi wetu hii tabia iachwe. Najua wanaamini nchi ya joto haihitaji themostati na wanaamini wanakusaidia, lakini injini haijui kama ipo Tabora au Tokyo, inataka nyuzi zake ilizotengenezewa, na mwezi wa saba alfajiri hapa kuna baridi ya kuvaa koti. Ukitoka gereji kwa tatizo la kuchemka uliza moja kwa moja, themostati yangu ipo? Mpya inayofungua kwenye nyuzi 82 niliagiza elfu 40, kulanti (maji ya kupoza injini) tukaweka mpya na kutoa hewa, siku ya pili nasimama mbele ya soko injini ikazima. Nilikaa pale nimeshika usukani nasikiliza watu wanavyoongea nje, nilikuwa sijasikia hivyo miezi mitatu.

Nzega ikawa lita 13.

Hapo sasa ndo kidude kikaishiwa, na hili wauzaji hawawaambii. Kila namba ilikuwa nzuri, betri nzuri, joto 86, hakuna kodi, na bado lita moja na nusu inapotea. Fundi mzee akasema tuendeshe kilomita kama kumi bila kubana breki kwa nguvu halafu tusogeze kiganja karibu na kila rimu. Tatu vuguvugu, ya mbele kushoto kiganja hakikai. Kalipa, ile inayobana pedi za breki, ilikuwa imeshika, pini zake zimekauka na vumbi, yani nilikuwa natembea na breki imebanwa kidogo safari nzima. Akanielewesha kwamba hybrid mara nyingi inajipunguzia mwendo kwa mota inayorudisha umeme kwenye betri, breki zenyewe zinafanya kazi kidogo, kwahiyo pini zinakaa bila kucheza zinaganda mapema, na pedi ukiziangalia zipo nene unadhani mambo safi. Tukasafisha, tukapaka grisi ya breki. Na wakati yupo chini akavuta oili akaipaka kidoleni akaniuliza nani kakuwekea 20W-50, gari hii inataka 5W-30, ile nzito ni ya injini zilizochoka. Tukabadilisha siku ileile. Upepo nao nikausoma kwenye stika ya mlango, matairi yote yalikuwa chini.

Jumamosi mbili zilizopita lita 11 na pointi 8, iliyopita 11 na pointi 6. Themostati, kulanti, oili, ufundi wa feni na kalipa, ukijumlisha na kidude chenyewe haikufika laki mbili na nusu.

Mabaya yake machache. Usikiache kimechomekwa usiku, kinanyonya ile betri ndogo ya volti 12 iliyopo nyuma, na Prius betri hiyo ikilala gari haiwaki kabisa hata betri kubwa iwe imejaa. Pia kinafuta kodi kwa kubonyeza mara moja, kwahiyo ukinunua hybrid kwa mtu usifurahi kwamba haina kodi, iendeshe nusu saa kidude kikiwa kimechomekwa uangalie volti za betri na joto la injini, hizo hazifutiki.

Jirani yangu ana Aqua ya 2012, ya kwao betri ni ya volti 144 ipo chini ya siti ya nyuma na tundu la hewa lipo hapohapo, yeye alikuwa anaweka mabegi ya watoto mbele ya tundu hilo. Nilimpimia na kidude hikihiki. Kwake zilikuwa zipo pea mbili zinaanguka volti moja na nusu chini ya wenzake kila akikanyaga mafuta, nikampimia siku tatu tofauti, asubuhi na mchana, ni zile zile mbili. Yake ni betri kweli, ameshaanza kuweka hela.