Coors Field kwa shabiki wa Rockies: kiti kizuri, kipigo kilekile

Anayenunua tiketi ya Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Denver, asijidanganye: ananunua uwanja, si timu. Msimu wa 2025 timu iliambulia ushindi mara 43 na kufungwa mara 119, na hapo ilikuwa imetoka kupoteza mechi 103 mwaka 2023 na 101 mwaka 2024. Ukitoa mikimbio (ndizo alama za besiboli) waliyofungwa kwenye ile waliyofunga unapata hasi 424, na hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kufika huko tangu 1900. Kwa lugha ya kijiweni, Rockies wamekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia hapo. Bado watu zaidi ya milioni 2 walipita kwenye mageti ya uwanja wao, Coors Field, mwaka huohuo. Kwa hiyo kuna kitu wanachokipata, na kuna namna ya kukipata bila kutupa pesa.

Tuanze na kiti, kwa sababu ndiko wengi wanakokosea. Shabiki mwaminifu hutaka kukaa nyuma ya benchi la timu yake. Benchi la Rockies liko upande wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokikimbilia mpigaji, kulia kwake, na uwanja huu umejengwa mpigaji akitazama kaskazini, maana yake upande huo ni mashariki. Mechi nyingi za usiku huanza saa 12:40 jioni, na mwezi Juni jua la Denver bado liko juu ya milima muda huo. Ukikaa mashariki unalitazama usoni kwa saa nzima na zaidi, na mpira uliopigwa juu huuoni mpaka utue. Upande wa besi ya tatu, nyuma ya benchi la wageni, kivuli kinafika mapema zaidi. Kwa mechi ya mchana, ile ya saa 7:10, tafuta mistari ya nyuma kabisa ya jukwaa la chini karibu na sahani ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ambako jukwaa la juu linakukinga. Denver iko juu na jua lake linaunguza hata siku ya baridi, kwa hiyo kofia na mafuta ya kujikinga si mapambo.

Ila upande wa mashariki una kitu ambacho magharibi haina. Ukipanda jukwaa la juu upande wa besi ya kwanza unaiona safu ya Milima ya Rocky, jua linazama nyuma yake, na kufikia awamu ya 5 kati ya 9 mbingu imekuwa ya rangi ambayo hata timu imefungwa 11-2 hujuti kupanda ngazi. Hicho ndicho kiti tunachokipendekeza kwa mtu anayekuja mara moja tu. Kwenye jukwaa hilohilo, mstari wa 20 una viti vya zambarau vinavyozunguka uwanja: hapo uko maili moja kamili juu ya usawa wa bahari, mita 1,609. Watu hupanda kupiga picha kisha hushuka. Kukaa hapo mechi nzima ni sawa, ila uko mbali, na namna mpira wa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji, unavyopinda huioni.

Rockpile, yaani mabenchi ya katikati nyuma ya uwanja wa nje, ndiyo ya bei ya chini kwa jadi. Uko zaidi ya mita 126 kutoka kwa mpigaji, huna kivuli, na unakaa kwenye benchi. Inafaa kwa kundi la marafiki, haifai kwa mzee wala kwa anayetaka kufuatilia mchezo kwa makini. Rooftop, ile baraza ya juu upande wa kulia iliyofunguliwa 2014, ni baa yenye mchezo wa besiboli chini yake. Tusiipambe.

Sasa, unachokitazama ni nini hasa? Wengi huambiwa kwamba hewa nyepesi hufanya mpira uende mbali, wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya habari. Hewa ya Denver ina uzito wa takriban asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na mpira wa kupinda hupinda kwa sababu mishono yake inaisukuma hewa. Hewa ikipungua, mpira unapinda kidogo. Mrushaji aliyetegemea mpira unaodondoka ghafla miguuni pa mpigaji, hapa anaona unabaki usawa wa mkanda, na usawa wa mkanda ndipo mpigaji anapopataka. Ndiyo maana ukikaa nyuma ya sahani unaona warushaji wazuri wa timu nyingine nao wakihangaika Coors Field. Tofauti ni kwamba wao wanaondoka baada ya siku tatu, wa Rockies wanabaki.

Tangu 2002 mipira huhifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu uliopimwa. Kabla ya hapo ilikuwa ikikauka, inakuwa midogo, migumu na yenye kuteleza mkononi. Chumba hicho kimepunguza homurani, yaani mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja, ila hakikuondoa tatizo, kwa sababu uwanja wenyewe ni mpana mno: mita 106 kwenye mstari wa kushoto, 126 katikati, 107 kulia. Kuta ziliwekwa mbali ili kuzuia homurani, na matokeo yake wachezaji watatu wa nje wanalinda shamba zima. Kwa hiyo angalia mipira inayodondoka mbele yao na kati yao. Mikimbio mingi ya hapa inazaliwa hapo, kwenye pigo la kawaida linalogeuka besi mbili kwa sababu mtu ana mita nyingi za kukimbia.

Na hapa ndipo bidhaa hii inapolipa, hasa ukija na kadi ya alama, ile ya kuandikia kila tukio la mchezo, na penseli. Usichukue kalamu ya wino, utajuta. Kadi za kawaida zina safu 10 za awamu na mistari 9 ya wapigaji. Kwa Coors Field tafuta yenye safu 12 na angalau nafasi 8 za warushaji kwa kila timu. Sababu ni hesabu tu. Tarehe 1 Agosti 2025 Pittsburgh Pirates walifunga mikimbio 9 kwenye awamu ya kwanza. Zamu ya timu kupiga huisha wapigaji watatu wakitolewa, kwa hiyo mikimbio 9 ukijumlisha na watatu hao ni wapigaji wasiopungua 12, na wewe una mistari 9. Mpigaji wa kwanza anarudi na kisanduku chake kimeshajaa. Fanya hivi: ingia safu ya pili, futa namba 2 juu yake uandike 1, endelea, na baada ya mtu wa tatu kutolewa piga mstari wa mshazari chini ya kisanduku chake. Kisha sogeza namba zote zilizobaki. Anayejibana na kuandika vidogo ndani ya safu moja hupotea kufikia awamu ya 4, na akifika ya 7 hajui nani yuko besi ya pili.

Mechi hiyo ndiyo mfano wa kwa nini ushauri wa kuondoka mapema ni mgumu kuutoa hapa. Rockies walianza wakiwa nyuma 9-0 na wakashinda 17-16, kwa homurani ya Brenton Doyle awamu ya 9. Aliyeondoka kuwahi foleni ya magari aliikosa mechi pekee ya mwaka iliyostahili kusimuliwa. Hata hivyo msimu huohuo, tarehe 10 Mei, San Diego Padres waliwachapa 21-0 papo hapo Denver. Kesho yake Rockies walishinda 9-3, na baada ya ushindi huo meneja Bud Black akafukuzwa, timu ikiwa imeshinda 7 na kufungwa 33. Kigezo chetu ni hiki: usitazame tofauti ya alama, tazama ni nani anarusha. Timu ngeni ikiwa inaongoza kwa 5 awamu ya 7 lakini imeshamaliza warushaji wake bora wa akiba, kaa. Ikiwa mrushaji wake wa kwanza bado yuko pale na hajachoka, nenda zako. Mechi za siku hizi ni fupi, kwani tangu 2023 kuna saa inayomhesabia mrushaji, sekunde 15 besi zikiwa tupu. Unaopoteza kwa kukaa ni dakika 40 hivi.

Kuhusu bei, timu mbovu haimaanishi tiketi rahisi kila siku. Bei hupanda kufuatana na mgeni. Wakija Los Angeles Dodgers au Chicago Cubs, nusu ya jukwaa ni rangi ya wageni, na shabiki wa Rockies analipa zaidi ili asikilize watu wengine wakishangilia nyumbani kwake. Ziruke hizo. Chukua Jumanne au Jumatano ya Septemba, mgeni akiwa timu isiyo na wafuasi wengi Denver: viti vya jukwaa la chini hushuka, na saa chache kabla ya mechi wanaouza tena tiketi zao huanza kupunguza bei wenyewe. Linganisha bei ya mwisho yenye ada zote ndani, si ile ya kuvutia iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Aprili ni nafuu pia, ila theluji inaweza kuanguka. Julai na Agosti mvua ya radi ya alasiri ni jambo la kawaida. Huja kwa kishindo na kwa kawaida haikai, basi koti jepesi linatosha.

Chakula: uwanja unaruhusu kuingia na chakula chako kwenye mfuko laini, pamoja na maji ya chupa ya plastiki ambayo haijafunguliwa. Tumia nafasi hiyo, hasa maji, maana mgeni asiyezoea mwinuko huo huumwa kichwa na kudhani ni huzuni ya kufungwa. Korodani za ng'ombe za kukaanga zinauzwa ndani. Zinafanana na nyama yoyote iliyozamishwa kwenye unga na mafuta. Usafiri usikusumbue: treni ya A kutoka uwanja wa ndege huchukua dakika 37 hadi Union Station, kituo cha treni cha katikati ya Denver, na kutoka hapo unatembea.

Asiyeweza kufika awe mwangalifu na vifurushi vya televisheni, maana viwili vinafanana na kimoja kitakutupa. MLB.TV, huduma ya ligi ya kuonyesha mechi mtandaoni, huzuia mechi za timu ya eneo unaloishi, kwa hiyo mkazi wa Denver akinunua hicho ataona timu zote isipokuwa yake. Chaneli iliyokuwa ikiwaonyesha Rockies ilifungwa mwisho wa 2023. Ligi ikachukua kazi hiyo 2024 na kuanzisha Rockies.TV kwa dola 19.99 kwa mwezi au 99.99 kwa msimu, bila kizuizi ndani ya eneo. Hicho ndicho cha mkazi. Aliye mbali achukue MLB.TV. Vyote viwili havina mechi zilizouzwa kwa chaneli za kitaifa peke yake. Na kwa timu inayofungwa hivi, lipa kwa mwezi. Sauti ya redio kupitia programu ya ligi haina kizuizi cha eneo, na kusema kweli kipigo kinasikilizika vizuri kuliko kinavyotazamika.

Tiketi ya msimu mzima hatuipendekezi. Hoja ya kawaida ya kuitetea ni kwamba kufungwa leo kunanunua vijana bora kesho. Zamani ilikuwa kweli. Sasa nafasi za juu za drafti, yaani zamu ya timu kuchagua vijana wapya, hupangwa kwa bahati nasibu, na timu inayopokea mgawo wa mapato kutoka timu tajiri haiwezi kuingia humo miaka mitatu mfululizo. Rockies waliingia 2024 na 2025, kwa hiyo vipigo vyao 119 viliwapa nafasi ya 10 tu katika drafti ya 2026. Jukwaa likijaa bila kujali matokeo, mwenye timu hana cha kumkosesha usingizi. Nunua mechi moja moja.

Mwisho, jezi, kwani duka liko palepale na mkono unawasha. Usinunue ya nyota aliyepo. Troy Tulowitzki aliuzwa 2015, Nolan Arenado 2021, tena Rockies wakaongezea takriban dola milioni 50 juu yake ili aende St. Louis, na Ryan McMahon akaenda New York Julai 2025. Kris Bryant, wa dola milioni 182 kwa miaka 7, hakuuzwa, ila muda mwingi amekuwa majeruhi. Namba salama ni 17 ya Todd Helton na 33 ya Larry Walker, kwa kuwa zimestaafishwa, hazivaliwi tena na mchezaji mwingine, na hakuna wa kuziuza. Ukishikwa na tamaa ya kumnunulia mtoto ya Ethan Holliday, aliyechaguliwa wa 4 mwaka 2025 akitoka moja kwa moja sekondari, chukua saizi mbili juu, maana mtoto atakua kabla Holliday hajafika timu kubwa.