Mkopo wa simu usio na dhamana: uzoefu wangu

Mnamo Januari 2021, shule za Kenya zilipofunguliwa tena baada ya miezi mingi ya korona, nilipungukiwa na karo ya mwanangu, nikapakua programu moja ya mikopo iliyojitangaza kuwa haidai dhamana yoyote. Niliomba shilingi 4,000. Fedha ziliingia kwenye M-Pesa kabla sijanyanyuka kitini, ingawa ada ilikuwa imekwisha kukatwa, nikapata 3,300 za kulipa 4,000 baada ya siku saba. Kwa kasi, sina la kulalamikia.

Kabla ya hapo, hata hivyo, programu iliomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, kuona majina yote niliyoyahifadhi na kujua mahali nilipo, nami nikakubali kila kitu kwa haraka ya mwenye shida. Baadaye nilielewa maana yake: ujumbe wa M-Pesa peke yake unaeleza mtu anapata kiasi gani, anamtumia nani na hukaukiwa mfukoni tarehe gani, na kwa taarifa hizo mkopeshaji huamua akukopeshe kiasi gani.

Nilichelewa siku mbili. Siku ya pili jioni shangazi yangu wa Kitui alinipigia, sauti ikimtetemeka, akaniuliza, "Mwanangu, umeiba pesa za watu?" Walikuwa wamempigia yeye, mwajiri wangu na fundi aliyewahi kunitengenezea bomba. Hapo ndipo nilipotambua kwamba dhamana ilikuwapo tangu mwanzo, nayo ilikuwa heshima yangu mbele ya watu ambao wenyewe hawakuulizwa kama wanakubali majina na namba zao zichukuliwe.

Nililipa deni lote, nikaifuta programu. Lakini kuifuta kwenye simu hakufuti kilichokwisha kunakiliwa, kwa hiyo niliwaandikia nikitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayonipa haki ya kudai taarifa zangu zifutwe. Nilijibiwa kwa ujumbe wa mashine ulionishukuru kwa kuwa mteja.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 zimewakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa, na tangu mwaka 2023 Google hairuhusu programu za mikopo za Play Store kufikia majina wala picha za mteja. Nazipongeza hatua hizo kwa dhati. Hata hivyo, orodha yangu ilichukuliwa kabla yake, na shangazi hadi leo hapokei namba asiyoijua.